Kabla ya Kuniuliza Kamera, Niulize Saa

Nikituma picha kwenye grupu la darasa, swali la kwanza huwa lilelile: "Hiyo kamera gani?" Nikijibu kwamba ni simu, linafuata la pili: "Simu gani?" Huu ni mwaka wangu wa tatu napiga picha hapa Mlimani, na bado sijapata mtu wa kuniuliza, "Ilikuwa saa ngapi?" au "Ulisimama upande gani wa jengo?" Hayo ndiyo maswali yenye majibu. Kamera yangu ni ya mtumba. Niliinunua Kariakoo kwa boom la semista ya pili, nikapiga pasi ndefu mwezi mzima. Kioo chake cha nyuma kina ufa, na betri inakata roho kabla ya picha ya 200. Nusu ya picha mnazozisifia nimezipiga kwa simu ambayo kava lake limeshikiliwa na gundi.

Kinachofanya kazi ni jua. Ni la bure, halili bando, na hapa kwetu lipo la kumwaga. Shida ni kwamba masomo mengi tunayoyafuata yametengenezwa na watu wanaoishi chini ya jua la namna nyingine.

Chukua hiyo "saa ya dhahabu" inayosifiwa kwenye kila video. Mwalimu anasema: subiri saa moja kabla ya jua kuzama, mwanga unakuwa laini na wa manjano, unamlalia mtu usoni kutoka pembeni. Ni kweli kabisa, kwao. London mwezi wa Juni jua linateremka kwa mshazari, kama mtu anayeshuka mlima kwa kuzungukazunguka. Likiwa nyuzi 6 juu ya upeo, linachukua kama dakika 50 mpaka kuzama. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na jua letu linashuka karibu wima. Nyuzi zilezile 6 zinakwisha kwa dakika kama 25. Novemba, kwa mfano, jua linazama kwenye saa kumi na mbili na dakika 20 jioni, kwa hiyo hiyo dhahabu unaihesabia kuanzia saa kumi na mbili kasoro dakika chache. Hapo sijataja miti na majengo, maana huku kwetu jua linaweza kujificha nyuma ya bweni kabla halijafika kwenye upeo. Ukisubiri adhana ya Magharibi ndipo utoe kamera kwenye begi, dhahabu imeshakwisha. Umebakiwa na kama dakika 20 za mwanga wa samawati, ambao nao ni mzuri sana kwa mwenye mkono uliotulia.

Halafu kuna bahati moja tunayo na hatuitumii. Saa yetu ya Kiswahili inahesabu kutoka macheo. Mtu akikwambia "njoo saa tatu asubuhi," ameshakwambia jua liko wapi: limepanda kama nusu ya njia kuelekea utosini. Saa sita liko utosini au jirani yake. Saa tisa limeshuka nusu. Wenzetu wanapakua programu za kuwaonyesha hayo. Sisi tunayasema kila siku tunapopanga kuonana kantini. Mimi siku hizi nikipewa kazi nauliza saa kwanza, bei baadaye.

Basi, kama mambo yote ya maana yangefanyika saa kumi na moja jioni, makala hii ingeishia hapa. Hayafanyiki. Mahafali yanafanyika mchana. Wahitimu wanamwagika nje saa sita, saa saba, na wazazi wao, wajomba, mashangazi na mashada ya maua ya plastiki, na wote wanataka picha sasa hivi, mbele ya Nkrumah Hall, jengo lililokuwa kwenye noti ya shilingi 500 tuliyokulia nayo. Jua liko juu ya vichwa. Mwanga ukitoka juu namna hiyo unapiga paji la uso, pua na mashavu, halafu macho unayaacha mashimoni. Chini ya pua panatokea sharubu ya kivuli. Na ile kofia ya mahafali, jamani, ile kofia bapa inaongeza kivuli chake, inamkata mtu uso vipande viwili: kidevu kiko Dar es Salaam, macho yako usiku wa manane.

Wapiga picha wengi wa siku ile wanafanya jambo ambalo linaonekana la busara. Wanamgeuza mteja alitazame jua, "ili uso upate mwanga." Matokeo ni familia nzima imekunja sura kama imeambiwa ada imepanda.

Dawa yake ni ukingo wa kivuli. Tafuta kivuli kinachotoka kwenye kitu kikubwa, baraza la jengo, ukuta, paa, ingia ndani hatua moja au mbili tu, kisha mgeuze mtu atazame nje, kule kweupe. Hapo jua lenyewe halimpigi tena. Anayempiga ni anga yote iliyo mbele yake, pamoja na sakafu au ardhi inayorudisha mwanga kutoka chini. Ni taa kubwa kuliko studio yoyote ya mjini. Macho yanafunguka, na ukiangalia kwa karibu utaona kila jicho limepata kinyota cheupe. Kile kinyota kikikosekana, mtu anaonekana kama amechoka hata akiwa anacheka.

Kumbuka hapo kitu ambacho macho yetu yanatuficha. Kivuli cha namna hiyo kina mwanga kama moja ya nane tu ya ule wa juani. Wewe huoni tofauti kubwa, kwa sababu mboni inatanuka na ubongo unasawazisha. Kamera haisawazishi kiasi hicho. Ukimweka mtu kivulini na nyuma yake kuna uwanja unaowaka jua, lazima kimoja kiharibike: ama uso uwe mweusi, ama uwanja uwe mweupe kama karatasi. Kwa hiyo chagua na nyuma yake pia. Miti iliyo kivulini, mlango ulio wazi wa jengo lenye giza ndani, ukuta usiopigwa na jua. Nyuma pakiwa pametulia, hata simu ya bei ya chini inafanya kazi ya heshima.

Kivuli cha mti ni kingine, na hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Vimbweta vyetu viko chini ya miti, pozi zuri, kabaridi kazuri, unapiga, unarudi bwenini unakuta rafiki yako ana madoa kama chui. Jua limepenya kati ya majani na kumchora. Ukitaka kutumia mti, tafuta wenye majani mazito, au msogeze mtu mpaka uone usoni pake hakuna hata doa moja. Usiangalie chini, angalia uso.

Namna yangu ya kutafuta mahali ni ya kuchekesha kidogo. Nanyosha mkono, nakunja ngumi, nazunguka polepole nikiangalia jinsi mwanga unavyolala kwenye vifundo vya vidole. Kukiwa na mpaka mkali kati ya ung'avu na giza, hapo hapafai kwa uso. Kukiwa na mteremko laini, hapo ndipo. Watu wanaonipita wanadhani natafuta mtandao.

Sasa kuna hesabu moja ambayo sikuikuta kwenye video yoyote, nikaipata kwa kutembea na kuangalia, kisha nikaithibitisha kwenye atlasi. Kivuli cha saa sita mchana hapa Dar hakikai upande mmoja mwaka mzima. Karibu na mwanzo wa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua linapita utosini kabisa. Ukisimama muda mfupi baada ya saa sita unakikanyaga kivuli chako. Kati ya Machi na Oktoba, jua la mchana liko upande wa kaskazini. Kati ya Oktoba na Machi liko upande wa kusini. Maana yake ukuta wenye kivuli mchana wa Juni ni ule wa kusini, na mchana wa Novemba, wakati wa mahafali, ni ule wa kaskazini. Ukienda Novemba kwenye baraza lililokupa picha nzuri Juni, utakuta linaungua.

Watu wa pwani wanaweza kulikumbuka hili kwa pepo. Kusi ikivuma, jua liko kaskazini. Kaskazi ikivuma, jua liko kusini. Na si bahati nasibu: pepo hizi zinavutwa kuelekea upande wa dunia ambao jua limeupasha joto zaidi. Mvuvi wa Kunduchi anajua upepo wa leo bila kufungua simu. Akitaka kuwa mpiga picha ameshamaliza nusu ya silabasi.

Kuna na kipimo chake. Katikati ya Juni ukuta wa mita 6 unatupa kivuli cha kama mita 3 na nusu saa sita mchana, familia nzima inaenea. Katikati ya Novemba ukuta uleule unatoa kama mita moja na robo. Hapo ukuta mtupu hautoshi, unahitaji baraza au paa linalotokeza nje. Mimi wiki moja kabla ya mahafali huwa nazunguka chuo saa sita na nusu na daftari, naandika mabaraza ya upande wa kaskazini yenye sakafu ya saruji. Wenzangu wako wanasoma kwa ajili ya test.

Ilikuwa kwenye moja ya mabaraza hayo, Novemba ya mwaka jana, ndipo alipokuja kijana mmoja mhitimu na mama yake. Mama alikuwa ametoka Sumbawanga kwa basi, na kesho yake alfajiri alikuwa na tiketi ya kurudi kutoka stendi ya Mbezi. Mkononi alishika picha iliyokwisha kusafishwa, kazi ya mpiga picha mwingine, amelipa elfu tano. Wamesimama juani mbele ya ukuta mweupe. Joho linaonekana, ukuta unaonekana, kitambaa cheupe cha kichwani cha mama kinaonekana mpaka nyuzi zake. Uso wa mama haupo. Kuna giza lenye umbo la uso.

Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitika, marahaba mwanangu, kisha akasema kwa sauti ya mtu asiyelaumu mtu, "Mimi picha hazinipendi. Tangu zamani. Sura yangu ni ya giza." Kijana akatazama chini. Akaniambia pembeni kwamba nyumbani kwao hakuna picha hata moja ambayo mama anaonekana macho. Ya kadi ya mpiga kura, ya harusi ya dada yake, ya msiba wa baba yao, zote hivyohivyo, na mama ameshazoea kusimama nyuma ya watu.

Sura ya mama haikuwa na kosa lolote. Kamera ndiyo ilifanya inavyofanya siku zote. Ndani yake mna kipima mwanga, na kipima mwanga hakijui mtu wala ukuta. Kinachojua ni wastani. Kinataka kila kitu kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, kitoke kijivu cha katikati. Ukikionyesha ukuta mweupe unaowaka jua, kinasema, "Mwanga umezidi," kinapunguza. Kikipunguza, ukuta unakuwa kijivu kizuri, na mtu mweusi aliyesimama mbele yake anazama. Mtu mwenye ngozi nyeupe angepona, angetoka mweusi kidogo tu. Mama wa Sumbawanga hana pa kuponea.

Nikawaingiza barazani hatua mbili, wakageuka kutazama nje, nyuma yao kukawa na korido yenye kivuli. Nikamwomba mama ageuze shavu kidogo kulia, kule anga ilikokuwa wazi zaidi. Nikapima mwanga kwenye shavu lake, si kwenye joho wala kwenye kitambaa. Kwenye simu unafanya hivyo kwa kugusa uso wake kwenye skrini na kushikilia kidole mpaka kipimo kijifunge. Kile kijua kidogo kinachotokea pembeni unakipandisha au kukishusha. Kwenye kamera kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Hatua moja ya kujumlisha maana yake mwanga mara mbili.

Hapa nataka kuwarekebisha wale wanaosema, "Mtu mweusi muongezee mwanga tu." Inategemea nyuma yake kuna nini. Mbele ya ukuta mweupe, ndiyo, ongeza. Lakini mbele ya korido yenye giza kamera inasema, "Mwanga haujatosha," inaongeza yenyewe, na uso unatoka umepauka, una rangi ya majivu. Pale barazani nilipunguza. Ngozi nyeusi ina siri yake. Ngozi nyeupe umbo lake tunalisoma kwa vivuli; ngozi nyeusi tunalisoma kwa mng'ao. Mfupa wa shavu, daraja la pua, mdomo, paji, vyote vinajitokeza pale vinaporudisha anga. Ndiyo maana inataka chanzo kikubwa cha mwanga, kikiwa pembeni kidogo, ili mng'ao uwe mpana na laini badala ya kidoa kikali cha jasho.

Nikapiga picha nne. Nikamwonyesha mama kwenye kioo chenye ufa. Akakaa kimya, akasogeza kamera karibu, akaisogeza mbali. Kisha akauliza, "Umenitia dawa gani?" Nikamwambia hakuna dawa, mama, ni pale uliposimama tu. Akasema, "Basi nipige peke yangu." Ile ya peke yake ndiyo aliyosafishiwa mbili, akazitia katikati ya kitabu cha mahafali zisikunjike.

Nimelifikiria sana lile neno lake, kwamba picha hazimpendi, na kwamba alikuwa ameliamini miaka yote hiyo. Hakulitunga peke yake. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilikuwa ikizipelekea maabara za kusafisha picha kadi ya kulinganishia rangi, yenye picha ya mwanamke mzungu. Mafundi waliziita kadi za Shirley, kwa jina la mwanamke wa kwanza aliyepigwa. Ngozi ya Shirley ikitoka sawa, mashine iko sawa. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliyeandika habari hii mwaka 2009, anaeleza kwamba shinikizo la kuzifanya filamu zitambue vizuri rangi za kahawia lilitoka kwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, ambao bidhaa zao hazikuwa zikitofautiana kwenye matangazo. Mbao na chokoleti zilisikilizwa kabla ya mama zetu. Google ilipoleta simu za Pixel 6 mwaka 2021 ilitangaza kama habari kubwa kwamba kamera yake imefundishwa ngozi za rangi zote. Sawa, tunashukuru, ila wengi wetu hatuna Pixel 6.

Na kuna mtu aliyeshinda hilo tatizo bila kusubiri kampuni. Seydou Keïta alifungua studio Bamako, Mali, mwaka 1948. Alipiga picha zake nyingi uani, kwa mwanga wa mchana, mbele ya kitambaa alichokitundika ukutani. Cha kwanza kilikuwa shuka la kitandani kwake. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo kwa kawaida kila mteja alipigwa mara moja tu. Mara moja! Sisi tunapiga arobaini halafu tunafuta. Zitafuteni picha zake, muangalie mashavu ya wale akina mama wa Bamako, muone jua la Afrika linavyoweza kukaa juu ya ngozi nyeusi likiwa mikononi mwa mtu anayelijua.

Lakini shida nyingine iko kwetu wenyewe. Kila msimu wa mahafali napata watu wa kuniambia, "Nifanye niwe mweupe kidogo basi." Wanasema kwa utani, ila hawatanii. Simu nyingi ukizinunua zinakuja na ile hali ya urembo imeshawashwa, inalainisha ngozi na kuing'arisha bila kukuuliza, na mtu akiishi na sura hiyo miaka minne, siku akiiona yake halisi anashtuka. Mimi sina mahubiri. Huwa namwomba aje barazani kwanza, nampiga kwa mwanga mzuri, halafu ndipo tuzungumze. Wengi wanasahau waliloomba. Mmoja hakusahau; alitaka picha yake ifanane na filta, nikakataa, akachukua elfu kumi yake akaenda kwa mwingine. Ilikuwa tarehe 24, boom halijatoka, na ile elfu kumi naikumbuka mpaka leo. Bado nakataa.

Mengine nitayapitia haraka, maana ukishaelewa baraza umeelewa karibu yote.

Chumba cha bweni ni studio. Zima taa, kwa sababu mwanga wa balbu na wa dirishani ni wa rangi mbili tofauti na kamera inachanganyikiwa. Mkalishe mtu karibu na dirisha, pembeni yake, si mgongo wala uso kamili. Upande ulio gizani weka karatasi ya manila nyeupe au shuka, mwanga utarudi. Vitabu vya Ulaya vinasifu dirisha la kaskazini kwamba haliingizi jua. Hapa dirisha la kaskazini Juni linaingiza jua mpaka kwenye ndoo, kwa hiyo geuzeni hesabu kama nilivyosema. Mwenzangu wa mwaka wa nne alihitaji picha ya maombi ya ufadhili usiku unakaribia, tukaipiga juu ya kitanda cha chini, shuka la rumeti likiwa nyuma.

Mawingu ni rafiki. Wakati wa masika watu wanaghairi miadi, "leo hakuna jua." Wingu jepesi limetandaza jua angani kote, ni baraza lisilo na ukuta, unaweza kupiga saa sita uwanjani bila hofu. Ghairi kwa sababu ya mvua, si kwa sababu ya wingu.

Na mwanga unaazima rangi ya kitu unachokigusa. Ukimkalisha mtu kwenye majani mabichi juani, kidevu chake kinakuwa cha kijani. Udongo mwekundu unampa joto. Hata fulana yako mpiga picha, ikiwa ya njano kali na umesimama karibu naye kwenye jua, inaingia usoni pake. Mimi siku za kazi navaa kijivu au nyeupe. Wengine wanadhani ni umaskini, na hawajakosea sana.

Kama mnataka zoezi, nawapa nililolifanya mwenyewe. Jumamosi moja kabla ya UE nilimwomba rumeti wangu akae kwenye kimbweta kimoja kilicho nje ya miti, na madesa yake, tangu macheo mpaka machweo, akiruhusiwa kwenda kula na kuswali tu. Kila saa nilitoka, nikampiga picha moja kutoka palepale, simu ileile, bila kubadilisha chochote. Picha 13. Nilizipanga kwenye skrini ya laptop tukazitazama usiku. Ile ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi ana sura ya mtoto. Saa mbili ni mtanashati, kama mtu wa kwenye bango. Saa sita ni mtu mwenye deni. Saa tisa lilipita wingu, na hapo ana uso wa mwanazuoni, kila kitu kimetulia. Saa kumi na moja na nusu amekuwa wa shaba. Yeye alizitazama zote mara mbili, akasema hakujua kwamba ana shimo dogo kwenye shavu la kushoto. Alichagua ya saa tisa, akaituma nyumbani kwao usiku uleule, kisha akarudi kwenye madesa.